Kilo za Mama Bendera

Wanaume wengine wa Karagita mshahara ukiingia wananunua spika. Makhanu alikuwa ananunua viatu vilivyokufa. Ungemwona anatoka soko la mitumba Naivasha na raba mbili zote za kushoto, au moja iliyotoboka kidole, amezibeba taratibu kama mtu anayetoa mgonjwa hospitali. Mke wake Nerima akimwona hivyo alijua chini ya kitanda kumepata mpangaji mwingine.

Mchana Makhanu ni fundi wa dripu kwenye shamba moja la maua karibu na ziwa. Kazi yake ni kuzibua yale mapaipu meusi membamba yanayolazwa chini ya waridi, yenye vitundu vidogo vya kudondosha maji tone kwa tone. Jioni na wikendi anatengeneza kitu anachokiita mto wa kisigino, yaani ile sehemu laini ndani ya soli ambayo kazi yake ni kukupokea kabla dunia haijakupokea. Hauzi. Hakusomea. Hata kukimbia hajawahi, isipokuwa siku ile nyuki walihamia kwenye pampu. Ana tu ugomvi wa kibinafsi na soli ngumu. Ulianza enzi zile alikuwa anasimama kutwa kwenye sakafu ya saruji akipanga maua, na hakuwahi kuusamehe.

Mimi naitwa Kabiru na chumba changu kinapakana na chao. Ukuta ni mmoja, tena wa mabati, kwa hivyo utafiti wa Makhanu naujua kwa kusikia na kwa kunusa gundi. Zaidi naujua kwa miguu, maana kila kitu kipya nilivalishwa mimi kwanza. Nilisomea diploma ya uhandisi hadi katikati nikaachana nayo, na Makhanu aliona hiyo ni sifa. "Injinia nusu," alisema, "anatosha kujaribu kiatu nusu."

Alianza na sponji ya godoro. Wiki ya kwanza nilitembea kama mheshimiwa anayeshuka kwa gari. Wiki ya pili sponji ilikuwa imelala kama chapati na mimi nimerudi kuwa mwananchi.

Akaja na maharagwe. Alishona vifuko vidogo, akajaza, akaniambia maharagwe yana akili, yanajipanga kufuata mguu wa mwenyewe. Ni kweli, yalijipanga. Halafu mvua ikanyesha, na matope ya Karagita mnayajua. Siku kadhaa baadaye nilivua kiatu cha kulia nikakuta kimeota. Si ukungu nasema, kimeota, na majani mawili. Nerima alikuja kuangalia, akauliza kama maharagwe hayo ni nyayo ama ni rosecoco, kwa sababu rosecoco hajapika siku nyingi.

Baada ya maharagwe ilikuwa tyubu ya pikipiki iliyokatwa na kujazwa hewa. Hiyo ililipukia kwa geti la shamba nikiwa nimeenda kutafuta kibarua. Mlinzi alilala chini kifudifudi. Kibarua sikupata.

Nilipomwambia Makhanu, hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza, "Ililipuka kwa kisigino ama kwa vidole?"

Dripu ndiyo iliyomwokoa. Shamba lilikuwa limebadilisha mapaipu, na supavaisa akamruhusu abebe ya zamani. Jioni hiyo nilimkuta amekaa kwa stuli mbele ya mlango, anafinya kipande cha paipu alichokiziba ncha zote mbili. Ukifinya, hewa ilitoka polepole kupitia kale katundu ka maji. Ukiachilia, iliingia tena na paipu ikafura. Alifinya, akaachilia, akafinya. Alikuwa na uso wa mtu ambaye ameonyeshwa mtoto wake wa kwanza.

"Kabiru, unaona? Haikimbii. Hewa inatoka kwa foleni."

Alikata vipande, akavilaza kando kando kati ya karatasi mbili za raba ya malapa, akavitia ndani ya kisigino. Alikuta kila kipande kinabeba kama kilo kumi za mtu. Mimi niliwekewa sita, yeye akajiwekea saba. Ukiweka vichache kuliko mwili wako vinalala na haviamki tena. Ukizidisha vinakuwa jiwe. Ubaya wake ni mmoja tu: kila hatua hewa ikipita kwa katundu, kiatu kilipiga mluzi. Fyuu. Fyuu. Nilipita nazo mbele ya kinyozi, wanaume watatu wakageuka kuona ni nani anawaita. Lakini kusema ukweli, kwa mara ya kwanza nilifika tao, yaani mjini, kwa miguu na magoti yangu hayakuwa na la kusema.

Hapo ndipo ikaja habari ya mama mkwe.

Mama yake Nerima alihamia Karagita kutoka Kimilili baada ya kufiwa, akapanga chumba ploti inayoangaliana na yetu, na anauza mboga za mrenda na saga pale kona. Jina lake la kuzaliwa silijui. Wote tunamwita Mama Bendera, kwa sababu kanisani kwao, lile la kanzu nyeupe na ngoma, yeye ndiye mshika bendera. Wakitembea Jumapili anakuwa mbele kabisa, bendera juu, na hata boda boda wanampisha.

Sasa, Makhanu na Nerima ni Wabukusu, na kwao mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humshiki mkono. Humkalii benchi moja. Mkikutana kijiani, mmoja anaacha kijia. Hayo ni mazuri sana huko kijijini ambako kuna shamba na mahindi ya kujifichia. Karagita kuna mfereji mmoja wa maji kwa ploti nne, na vijia upana wake ni wa wilibaro. Makhanu alijua sauti ya malapa ya mama mkwe kama kifaranga anavyojua kivuli cha mwewe. Nimemwona akiingia choo cha ploti akiwa amebeba sahani ya ugali, kwa sababu tu malapa yalisikika kwa geti.

Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akanishangaa kama mimi ndiye mjinga.

"Huyo ndiye alizaa bibi yangu. Nitamwangaliaje?"

Kila mwaka kanisa lao linatembea kutoka Karagita hadi uwanja mmoja Naivasha mjini kwa mkutano mkuu. Mwaka uliopita Mama Bendera alishikwa na kisigino njiani. Kisigino hicho kilikuwa kinamsumbua tangu zamani, asubuhi akiteremka kitandani anakanyaga kama mtu aliyeangukia msumari. Alilazimika kuketi, na bendera ikachukuliwa na Akoth, mwanamke mrefu mwembamba wa sauti ya kwanza, ambaye tangu siku hiyo hakuacha kueleza jinsi upepo ulivyokuwa mwingi na yeye hakutetereka. Mwaka huu Pasta Sitati alitangaza mbele ya wote: bendera si kijiti cha mbio za shule. Atakayetoka nayo Karagita afike nayo mjini. Akishindwa, ni ya Akoth moja kwa moja.

Nerima alileta habari hiyo akiwa amejifunga leso kiunoni, alama kwamba hatapika mpaka jambo liishe.

"Mama hajala tangu Jumapili. Amesema wakimpokonya bendera anapakia vitu arudi Kimilili, hawezi kukaa hapa amwangalie Akoth mgongo. Baba Shantel, wewe umetengenezea huyu Kabiru viatu na hata kazi hana. Mama yangu je?"

Makhanu alifinya kipande cha paipu. Mimi nilikuwa nimekaa pale na nikaona mambo mawili yanapigana usoni mwake: fundi na mkwe.

"Siwezi kupima mguu wake," akasema mwisho.

"Hakuna mtu amekuambia ushike mguu. Nitakuletea malapa."

Malapa yakaja ndani ya karatasi ya unga, kwa siri, kama bangi. Makhanu aliyageuza kwa ncha ya kijiko kwanza, kisha akasahau adabu akayashika. Alisoma jinsi yalivyolika: kisigino kimekwisha upande wa nje, kidole gumba kimechimba shimo. Ukubwa akaupata. Raba nyeupe za kufanana na kanzu alizipata mitumba. Kulibaki swali moja, na hilo alizunguka nalo jioni nzima kabla hajalitoa.

"Mama Shantel. Mama ana kilo ngapi?"

Nerima alikuwa anakoroga uji wa mtoto wao Shantel. Mwiko ulisimama.

"Kilo za nini?"

"Za yeye mwenyewe. Bila hizo siwezi kujua niweke vipande vingapi."

Nerima aliangalia mlango, akaangalia dari, akaniangalia mimi kama vile ni mimi nimeuliza. "Sitini na tano."

Mama Bendera nishamwona akikalia kiti cha plastiki kwenye matanga, na kile kiti nilikionea huruma kuliko marehemu. Nikasema kwa upole kwamba labda tuongeze kidogo, kwa sababu ya bendera, bendera nayo ina uzito. Nerima akaniambia, "Kabiru, hii chapati unayokula ni ya nani?" Nikaendelea kula.

Sitini na tano basi. Vipande sita, na sponji kidogo juu kwa zile tano.

Viatu vilivuka barabara mikononi mwa Nerima, na jibu likarudi mikononi mwa Nerima pia: "Mama amesema asante. Amesema pia vikilipuka kama vya yule kijana, hatalaani viatu."

Jumapili yenyewe walitoka asubuhi, safu mbili za kanzu nyeupe, ngoma katikati, Mama Bendera mbele na Pasta Sitati nyuma yake kidogo. Nerima alikuwa ubavuni mwa mama yake na chupa ya maji. Makhanu si wa kanisa hilo, lakini nyumbani hangekalika. Tulifuata mimi na yeye upande wa pili wa barabara, nyuma ya ile migunga ya manjano, yeye akiruka kutoka mti hadi mti kama mpelelezi wa serikali ya kaunti. Mfukoni alikuwa na kisu na miguuni alikuwa na raba zake za vipande saba.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mama Bendera alienda kwa mwendo ambao waimbaji walilazimika kuukimbiza. Kila hatua, fyuu. Mpiga ngoma alisikiliza kidogo, akauingiza mluzi ndani ya wimbo, na watoto wakaanza kufuata. Akoth, safu ya kwanza, alikuwa na uso wa mtu aliyekunywa dawa ya minyoo.

"Unaona kisigino kinavyotua?" Makhanu alinong'ona. "Unaona?"

Mimi nilikuwa naona kanzu. Nikasema naona.

Tulikuwa tumepita nusu ya njia mluzi ulipobadilika. Ukawa mzito, kama mtu anayepuliza chai. Kisha ukawa mguu mmoja tu. Kisha nikasikia ngoma na wimbo na hakuna kitu kingine.

"Vimenyamaza," Makhanu akasema, akasimama wazi kabisa bila mti.

Mama Bendera aliendelea hatua chache, bega moja likishuka kila mara. Halafu akasimama. Wimbo ukafa kutoka mbele kwenda nyuma. Akoth alikuwa tayari ametoka safuni na mkono ameunyoosha, vidole vimefunguka, kama mtu anayepokea mtoto wa kubatizwa.

"Mama, kupumzika si dhambi," Pasta Sitati akasema.

"Mimi sijachoka, Pasta. Ni kiatu kimechoka."

"Basi keti kidogo kwa hilo jiwe, Akoth akushikie tu."

"Jiwe siliwezi," akasema Mama Bendera, na akakamata mti wa bendera kwa mikono miwili. Alijua, na sisi wote tulijua, kwamba akiketi bendera itashikwa, na ikishikwa hairudi. Kwa hivyo hakuketi. Alisimama kwa mguu mmoja katikati ya barabara ya ziwa, kanzu ikipepea, kama flamingo wa Ziwa Nakuru aliyekataa kuhama.

Nerima aligeuka akaita upande wetu. Makhanu alivuka mpaka ukingo wa lami, hapo akageuka akampa mama mkwe mgongo. Mazungumzo yakaanza, na ingawa kati yao mlikuwa na nafasi ya kupita mkokoteni, yalipita kwa Nerima.

"Mama Shantel," Makhanu akasema akiangalia ziwa, "uliza mama kama kisigino kinagusa chini."

"Mama, anauliza kama kisigino—"

"Nimesikia. Mwambie kinagusa mpaka mawe nayajua kwa majina."

"Anasema—"

"Nimesikia. Mwambie naomba kiatu."

Wanawake walizunguka na kanzu zao zikawa ukuta. Kiatu cha kulia kikatoka, Nerima akakileta. Makhanu alipiga magoti, akainua soli ya ndani kwa kisu. Nilichungulia. Vipande sita vilikuwa vimelala chapa, bapa kama tambi zilizokanyagwa.

Hakukasirika. Aliviangalia muda mrefu, kisha akamwangalia mke wake.

"Hizi niliwekea mtu mwingine."

Nerima akaanza kukunja ncha ya kanzu yake. "Sikudanganya. Nilipunguza tu kwa heshima."

"Ulipunguza ngapi?"

"Nitajuaje? Nimewahi kumpima mama?"

Makhanu alivua raba zake mwenyewe, akazipasua pale pale. Vipande saba kulia, saba kushoto, vyote vizima. Lakini akivijaza ovyo kiatu kingekuwa jiwe, akipungukiwa vingelala tena kabla ya mjini, na hakukuwa na paipu nyingine karibu. Alikuwa anahitaji namba. Niliona jasho likimteremka shingoni, na asubuhi bado ilikuwa baridi.

"Mama Shantel," akasema, "uliza mama kilo."

Nerima hakugeuka. Hakukuwa na haja. Kanisa lote lilikuwa limesikia. Mwanamume alikuwa amemuuliza mama mkwe wake uzito wa mwili, mchana kweupe, barabarani, mbele ya pasta. Mzee mmoja wa kanisa alivua kofia, nadhani alifikiri kuna mtu ameaga dunia.

Mama Bendera aliangalia bendera yake juu. Akaangalia ule mkono wa Akoth, ambao ulikuwa bado umenyooshwa na haukuonyesha dalili ya kuchoka.

"Pasta," akasema, "geuka."

Pasta Sitati akageuka.

"Wanaume wote, geukeni. Na wewe kijana wa maharagwe."

Nikageuka.

"Nerima. Mwambie huyo mtu tisini na mbili."

Ngoma ililia mara moja, dum. Mpaka leo hakuna aliyekiri kuigonga.

"Mimi nilidhani ni mia," Akoth akasema kama anajiambia.

"Akoth, wewe ukishika hii bendera upepo utakubeba hadi Mai Mahiu," Mama Bendera akasema.

Makhanu hakungoja kutafsiriwa. Aling'oa tambi zote, akazinyoosha kwa meno, tatu zikakubali kufura tena lakini hakuziamini. Akaweka vyake saba, akajazia viwili kati ya hivyo vilivyofufuka, akaviweka pembeni ambapo mzigo ni mdogo. Kiatu cha kushoto kikaletwa, nacho hivyo hivyo. Gundi haikuwepo. Niliuliza kama soli haitatoka, akaniambia kwa kilo hizo hakuna kitu kinaenda popote.

Viatu vikarudi. Ukuta wa kanzu ukajifunga, ukajifungua. Mama Bendera akashusha mguu chini kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga.

Fyuu.

"Pasta, geuka. Tunachelewesha Mungu."

Aliingia mjini Naivasha na bendera juu. Akoth alitembea nyuma yake njia yote, na ule mkono sijui aliuweka wapi. Makhanu alikuwa amebaki na raba zisizo na kitu ndani ya kisigino, kwa hivyo alizibeba mkononi akatembea na soksi pembeni kwa nyasi. Miiba ya mgunga ilimjua yeye pia kwa jina. Hakulalamika hata mara moja. Kila mluzi uliokuja kutoka ng'ambo alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mzee anayesikia redio ikisema alichokuwa anakisema siku zote.

Uwanjani mama mkwe hakumwangalia, na yeye hakumwangalia mama mkwe. Lakini wakati wa chakula Nerima alituletea sahani mbili pale nje ya uzio, na ile ya Makhanu ilikuwa na firigisi ya kuku. Mimi nilipata shingo. Kwa Waluhya, Wabukusu wakiwemo, firigisi anapewa anayeheshimiwa; hainenwi, inaeleweka. Makhanu aliila akiwa ameupa uwanja mgongo.

Kesho yake jioni nilikuwa nimelala kitandani nikasikia Nerima anaingia upande wa pili wa mabati, ametoka kwa mama yake.

"Baba Shantel, mama anauliza kama unaweza kumtengenezea zingine za kwenda sokoni."

"Mwambie ndiyo. Nitaweka vipande tisa."

Nerima alishusha sauti.

"Amesema uweke kumi."

"Kumi ni za kilo mia. Si alisema tisini na mbili?"

"Amesema pale barabarani Pasta aligeuza shingo," Nerima akasema, "lakini masikio yalibaki yakimwangalia."

Kupitia mabati nilisikia stuli ikivutwa karibu na mlango, na kisu kikianza kukata paipu.